Nimepona nimonia, lakini nikikimbia ninaishiwa pumzi: nirudi lini kwenye mazoezi?

"Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa miaka 39. Kabla ya kuugua nilikuwa nikikimbia kilomita 8 hadi 10 mara tatu kwa wiki. Wiki tano zilizopita nililazwa siku sita kwa nimonia kali ya sehemu ya chini ya pafu la kulia. Niliwekewa oksijeni kwa siku tatu, na niliporuhusiwa nilipewa vidonge vya levofloksasini vya siku saba, nikavimaliza. Homa imekwisha kabisa na kikohozi kimebaki kidogo asubuhi. Juzi nilijaribu kukimbia polepole. Baada ya dakika kama nane saa yangu ilionyesha mapigo 170, nikatweta mpaka nikakaa chini, na kesho yake nilishinda kitandani kama mtu aliyepigwa. Kisigino cha kushoto nacho kimeanza kuuma kwa nyuma, nadhani ni viatu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 97 nikiwa nimetulia. Kaka yangu anasema nijikaze nitoe jasho ndipo ugonjwa utoke wote. Mama mkwe anasema nisifanye lolote mpaka kikohozi kiishe. Nimeshajiandikisha kwa mbio za kilomita 21 zitakazofanyika wiki tisa zijazo. Je, mapafu yangu yameharibika? Nifanye nini?"

Dada yangu, pole kwa ugonjwa na pole kwa mshtuko wa siku ile. Mtu aliyezoea kukimbia kilomita kumi, akaambiwa amepona, halafu akashindwa dakika nane, hawezi kukosa kujiuliza kama kuna kitu ndani yake kilichoharibika moja kwa moja. Kwa maelezo uliyonipa, mapafu yako yanaonekana kupona vizuri, na kilichokuangusha juzi kwa sehemu kubwa ni moyo, damu na misuli ya miguu, ambavyo vyote vilidhoofu ulipokuwa umelala. Hata hivyo ninakuomba usikimbie tena kwa sasa, na sababu ya kwanza wala haihusu pumzi. Inahusu kisigino, ambacho umekitaja kwa sentensi moja tu.

Levofloksasini ni dawa ya kundi la fluorokwinoloni, pamoja na siprofloksasini na moksifloksasini. Inatibu nimonia vizuri, na sina sababu ya kumlaumu aliyekuandikia. Lakini dawa za kundi hili zinajulikana kudhoofisha kano, hasa ile kano nene inayounganisha msuli wa kigimbi na mfupa wa kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza tahadhari hiyo iwekwe kwenye maelezo ya dawa hizi kwa daraja la juu kabisa la onyo. Tatizo lenyewe ni nadra. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60, wanaotumia dawa za steroidi na wenye ugonjwa wa figo, lakini linaweza kumpata yeyote, na linaweza kujitokeza siku chache tu baada ya kuanza dawa au miezi kadhaa baada ya kuimaliza. Kwa hiyo maumivu ya nyuma ya kisigino kwa mtu aliyemaliza levofloksasini wiki chache zilizopita hayafai kusingiziwa viatu kabla hayajachunguzwa.

Kaa kitini, uibane kano hiyo taratibu kwa kidole gumba na cha shahada, sentimita mbili hadi sita juu ya mfupa wa kisigino, kisha uilinganishe na ya mguu wa kulia. Ikiwa ni nene zaidi, inauma ukiibana, au inakaza unapopiga hatua za kwanza asubuhi, basi huenda imeathirika. Hata usipoona lolote kati ya hayo, nenda kwa daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo ndani ya wiki hii, umtajie dawa kwa jina lake. Kabla ya hapo usiruke, usiinyooshe kano kwa nguvu, usikubali ikandwe kwa nguvu, na usikubali kuchomwa sindano ya steroidi mahali hapo. Ukisikia kitu kama kimekatika nyuma ya mguu, au ukashindwa kusimama kwa ncha za vidole, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kila utakapoandikiwa antibayotiki siku zijazo, mweleze daktari yaliyotokea ili akuchagulie nyingine ikiwezekana.

Sasa nije kwenye mapafu. Mapafu ya mtu mzima yana mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na ukuta wa kila kimoja ni mwembamba sana na umezungukwa na mishipa midogo ya damu. Hapo ndipo oksijeni inapoingia katika damu na hewa ukaa inapotoka. Nimonia inaposhambulia, vifuko vya eneo husika hujaa majimaji, seli nyeupe za damu na mabaki ya vijidudu, mpaka sehemu ya pafu ambayo kwa kawaida ni laini na nyepesi inakuwa nzito na ngumu, kiasi kwamba madaktari wa zamani waliokuwa wakichunguza maiti waliifananisha na ini. Damu huendelea kupita katika eneo hilo lakini haikutani na hewa, ikarudi moyoni ikiwa na upungufu wa oksijeni. Ndiyo sababu siku zile tatu ulihitaji oksijeni ya ziada.

Antibayotiki huua bakteria ndani ya siku chache, na hapo homa hushuka, lakini kazi ya kusafisha uchafu uliobaki haifanywi na dawa. Inafanywa na seli za ulinzi ambazo humeza mabaki hayo kidogo kidogo, na majimaji hufyonzwa na mishipa ya limfu, na mengine hupandishwa kwa kikohozi. Kazi hiyo huchukua wiki. Kwa mtu mwenye umri kama wako asiyevuta sigara, picha ya eksirei mara nyingi husafika katika muda wa mwezi mmoja hivi, na kwa mzee au mwenye magonjwa mengine inaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi, hata kama yeye mwenyewe anajisikia vizuri. Kikohozi chako kidogo cha asubuhi, ikiwa kinaendelea kupungua wiki hadi wiki, ni sehemu ya usafi huo.

Jambo la kukutia moyo ni kwamba nimonia ya kawaida ya bakteria ikitibiwa kikamilifu kwa kawaida haiachi kovu la maana, kwa sababu kuta za vifuko hubaki zimesimama hata vinapokuwa vimejaa, na uchafu ukishaondoka hewa hurudi mahali pake. Walio katika hatari ya kubaki na makovu ni watu waliopata jipu ndani ya pafu, usaha uliojikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, kifua kikuu kilichochelewa kutibiwa, au nimonia kali ya virusi iliyowafikisha kwenye mashine ya kupumulia. Katika maelezo yako sioni lolote kati ya haya.

Taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo hutunga miongozo ya tiba, inawataka madaktari wawaeleze wagonjwa wa nimonia mambo ya kutarajia tangu tiba inapoanza. Baada ya wiki 1 homa iwe imekwisha. Baada ya wiki 4 maumivu ya kifua na makohozi viwe vimepungua sana, na kufikia wiki 6 kikohozi na upungufu wa pumzi navyo viwe vimepungua sana. Baada ya miezi 3 dalili nyingi ziwe zimeondoka ingawa uchovu unaweza kuendelea, na katika miezi 6 watu wengi huwa wamerudi katika hali yao. Ninaitaja ratiba hii kwa sababu wagonjwa wengi wanaoruhusiwa kutoka hospitali hawaambiwi hata sehemu yake, wakadhani kumaliza vidonge ndiko kupona, na kila siku ya uchovu inayofuata wakaihesabu kuwa dalili mbaya. Wewe uko wiki ya tano. Hujachelewa.

Kama mapafu yanaendelea vizuri, kwa nini basi ulitweta namna ile? Mtu anapolala kitandani kwa siku kadhaa, kiasi cha maji katika damu yake hupungua mapema sana, na moyo ukapata damu kidogo ya kusukuma kwa kila pigo. Ili kufikisha oksijeni ileile kwenye misuli, moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi. Wakati huohuo misuli ya mapaja na vigimbi hupungua ukubwa, na homa kali huharakisha upungufu huo kwa sababu mwili huvunja protini za misuli ili upate malighafi ya kupambana na maambukizi. Misuli iliyodhoofu hushindwa kutumia oksijeni vizuri na huanza kutengeneza asidi mapema, kwa mwendo ambao zamani usingeuhisi kabisa. Mwili hujaribu kuirekebisha asidi hiyo kwa kutoa hewa ukaa nyingi zaidi, na njia ya kuitoa ni kupumua kwa kasi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kule kutweta kulianzia miguuni.

Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, kwa wiki tatu. Hawakuwa na homa wala maambukizi. Walipoinuka, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni katika mazoezi ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba wiki zile tatu za kitanda ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuongezeka umri. Lakini vijana wale walirudisha uwezo wao, na hata kuuzidi, baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Wewe hukulala wiki tatu, lakini ulilala ukiwa na homa, huli vizuri, na oksijeni imeshuka.

Kuhusu mapigo 170, hesabu ya kukadiria, yaani 220 ukitoa umri, inaweka upeo wa moyo wako karibu na 181. Kwa hiyo mwendo uliouita wa polepole ulikuwa kwa moyo wako wa leo karibu na mbio za mwisho kabisa. Hilo linaeleza pia kwa nini kesho yake ulishindwa kuamka. Kuna kitu kingine ninachotaka kiangaliwe, nacho ni wingi wa damu. Maambukizi makali hupunguza utengenezaji wa chembe nyekundu, na mwanamke aliye katika umri wa kupata hedhi mara nyingi huwa hana akiba kubwa ya madini ya chuma tangu mwanzo. Kipimo hicho ni rahisi na hufanyika karibu kila kituo cha afya.

Kaka yako anakupenda, lakini ushauri wake ni wa hatari. Jasho ni njia ya mwili kujipoza, na bakteria hawatoki kwa njia hiyo. Anayejilazimisha mazoezi makali wakati maambukizi bado yanaendelea anapoteza maji, anaongezea moyo mzigo, na ikiwa ugonjwa wenyewe ni wa virusi anaweza kuuchochea mwako, yaani uvimbe unaoletwa na maambukizi, katika msuli wa moyo, hali ambayo imewahi kuua wanamichezo vijana waliokuwa na nguvu kuliko sisi wote. Tena hata baada ya homa kwisha, hatari ya mshtuko wa moyo huwa juu kuliko kawaida baada ya nimonia, zaidi katika mwezi wa kwanza. Kwa mtu wa umri wako asiye na shinikizo la damu wala kisukari hatari hiyo ni ndogo, lakini kwa baba au mama wa miaka 65 aliyetoka hospitali juzi si ndogo hata kidogo.

Mama mkwe naye ameona mengi, na tahadhari yake ina busara katika siku za homa. Ila kusubiri kikohozi kiishe kabisa kunaweza kukuweka kitini miezi miwili, na kila wiki ya kukaa inaongeza udhaifu uleule unaokufanya utwete. Hospitalini siku hizi tunawakalisha wagonjwa wa nimonia nje ya kitanda na kuwatembeza mapema iwezekanavyo, hata wakiwa bado wanatumia dawa za mshipa. Wengine huambiwa wapulize maputo ili kupanua mapafu. Maputo hayatibu nimonia, na kupuliza kwa nguvu huweza kuleta kizunguzungu. Kutembea kunakufanya uvute hewa kwa kina bila kuhitaji kifaa chochote. Hewa baridi nayo inaweza kuchokoza kikohozi, lakini hairudishi bakteria.

Tuje kwenye cha kufanya. Masharti ninayoyataka kabla ya zoezi lolote la makusudi ni kwamba uwe hujapata homa kwa angalau siku saba bila kutumia dawa ya kuishusha, huna maumivu ya kifua, mapigo yako ya asubuhi kabla ya kuinuka kitandani yamekaribia yale ya kawaida yako, na unaweza kuoga, kuvaa na kufanya kazi nyepesi za nyumbani bila kusimama kutafuta pumzi. Ninadhani unayatimiza. Kipimo cha 97 ukiwa umetulia ni kizuri, ila kinaeleza hali ya mapafu yasiyo na kazi. Mapafu ambayo bado yana sehemu zilizojaa huweza kusoma vizuri kitini na kushuka unapojitahidi. Kwa hiyo, kisigino kikishachunguzwa na kuruhusiwa, fanya jaribio dogo ukiwa na mtu mzima karibu nawe. Vaa kipimo kidoleni, kaa kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, kisha inuka na ukae mfululizo kwa dakika moja kwa mwendo unaouweza bila kushika chochote. Angalia namba wakati wa zoezi na kwa dakika moja baada yake. Ikishuka kwa pointi 3 au zaidi, usianze mazoezi mpaka umeonana na daktari. Futa rangi ya kucha kwanza, pasha vidole joto na utulize mkono, kwa sababu kucha zenye rangi, ubaridi na kutikisika huvuruga kipimo. Ujue pia kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi vifaa hivi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo mshuko kati ya kupumzika na kujitahidi una maana kuliko namba moja iliyosimama peke yake.

Ukivuka hapo, anza na kutembea mahali tambarare kwa dakika 10 hadi 15 kwa siku, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatiza katikati ili uvute pumzi. Mwanasayansi wa Sweden Gunnar Borg alitunga kipimo cha kujikadiria ugumu wa zoezi, na katika toleo lake la 0 hadi 10, sifuri ni kutulia kabisa na kumi ni kiasi ambacho huwezi kuongeza chochote. Kaa kati ya 2 na 3 katika hatua hii. Nimeona wanamichezo wakiona aibu kutembea kwa mwendo huo, na ninawaelewa, lakini wanaokubali ndio wanaorudi mapema.

Jambo ninalosisitiza kuliko mengine yote katika barua hii ni kwamba usilipime zoezi kwa jinsi ulivyojisikia wakati unalifanya. Lipime kwa kesho yake na kesho kutwa. Baada ya maambukizi makubwa, mwili unaweza kukupa nguvu za kuazima kwa nusu saa, kisha ukazidai zote saa 24 hadi 48 baadaye. Ukiamka ukiwa na uchovu wa kawaida unaoondoka kufikia adhuhuri, dozi ilikuwa sahihi. Ukiamka umechoka mpaka mifupa, mapigo ya asubuhi yako juu ya kawaida yako kwa 10 au zaidi, kikohozi kimeongezeka, au kichwa kizito na huwezi kufikiri vizuri, basi dozi ilizidi. Pumzika mpaka hali ile iondoke, kisha urudi kwenye kiasi cha mwisho ambacho hakikukuumiza, hata kama ni dakika nane za kutembea. Andika kwenye daftari dakika ulizotembea jioni, na kando yake mapigo na hali ya asubuhi iliyofuata. Baada ya wiki mbili daftari hilo litakueleza mengi kuliko saa yako.

Zikipita siku tano hadi saba bila madhara ya kesho yake, ongeza dakika tano. Ongeza muda kwanza, kisha mwendo, na usiongeze vyote viwili katika wiki moja. Ukiweza kutembea kwa haraka dakika 30 bila shida kwa wiki nzima, na kano ikiwa imeruhusiwa na mtaalamu, unaweza kuanza mchakamchaka wa dakika moja unaofuatiwa na kutembea dakika mbili, mara tano au sita, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Kano isiporuhusiwa, tumia baiskeli ya kusimama yenye uzito mdogo. Kuogelea kusubiri mpaka kikohozi kiishe, maana kukohoa ukiwa kwenye maji ya kina si jambo la kujaribu.

Usisahau nguvu za misuli. Wakimbiaji wengi huipuuza sehemu hii, na ndiyo iliyopotea zaidi ulipokuwa umelala. Mara mbili kwa wiki inuka na ukae kitini mara nane hadi kumi, sukuma ukuta kwa mikono, na uinue vitu vyepesi, ukitoa pumzi wakati wa kuinua. Usibane pumzi. Kula protini ya kutosha katika kila mlo, mayai, samaki, nyama, maziwa au jamii ya kunde, kwa sababu misuli haijengwi na mazoezi peke yake. Ukitweta katikati ya zoezi, simama, inama kidogo mbele ukiegemeza mikono kwenye mapaja au ukuta, vuta hewa kwa pua na uitoe polepole kupitia midomo iliyobanwa kama unayepuliza chai. Pumzi inapaswa kutulia ndani ya dakika chache.

Kuhusu zile kilomita 21, nitakuwa muwazi. Ungeweza kufika kwenye mstari wa kuanzia baada ya wiki tisa, na pengine ungemaliza, lakini ungelazimika kuongeza mazoezi kwa kasi ambayo hata kano nzima isingeipenda, ukiwa bado ndani ya miezi ile mitatu ambayo uchovu unategemewa. Faida ni medali moja, na gharama inayowezekana ni kano iliyokatika, ambayo hukuweka nje kwa miezi mingi. Ningekuwa daktari wako ningekuomba ujiondoe sasa, au uulize waandaaji kama unaweza kuhamishiwa umbali mfupi wa kutembea. Ukikataa ushauri huu, basi angalau uamuzi wa mwisho uachie wiki mbili kabla ya mbio, na sharti liwe kwamba kano imeruhusiwa na umekwisha kukimbia dakika 40 mfululizo bila adhabu ya kesho yake.

Ratiba hii inamhusu mtu aliyekuwa na afya njema. Mwenye pumu, ugonjwa sugu wa mapafu au ugonjwa wa moyo, aliyekaa chumba cha wagonjwa mahututi, au mzee aliyetoka hospitali hawezi hata kupanda ngazi chache, aombe kupelekwa kwenye tiba ya mazoezi ya mapafu chini ya mtaalamu. Huko hupimwa umbali anaoweza kutembea kwa dakika sita, kisha hufanya mazoezi mara mbili au zaidi kwa wiki kwa wiki sita au zaidi huku akifuatiliwa. Anayetibiwa kifua kikuu atembee nje penye hewa, akae mbali na jimu na vyumba vilivyofungwa mpaka daktari athibitishe kwamba haambukizi tena.

Zipo dalili ambazo hazisubiri miadi. Nenda idara ya dharura mara moja ukipata upungufu wa pumzi ukiwa umetulia, kifua kinachobana au maumivu yanayopanda begani, mkononi au tayani, kuzimia au kukaribia kuzimia wakati wa zoezi, midomo kubadilika rangi, kukohoa damu, au kipimo cha oksijeni kubaki chini ya 92. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, hasa ukifuatiwa na kutweta kwa ghafla, fikiria damu iliyoganda na kusafiri hadi kwenye mapafu. Kulala hospitalini huongeza hatari hiyo kwa wiki kadhaa. Usidhani maumivu hayo ni ya kano tu kwa kuwa tumeizungumzia sana.

Dalili nyingine zinaruhusu kusubiri siku moja au mbili, lakini zisipuuzwe: homa iliyorudi, makohozi yaliyoanza kuongezeka au kubadilika rangi, maumivu ya upande mmoja ukivuta pumzi, mapigo ya moyo yanayorukaruka. Kikohozi kisichopungua ifikapo wiki ya sita, na hasa kikiandamana na jasho la usiku au kupungua uzito, kinahitaji eksirei mpya na kipimo cha makohozi cha kifua kikuu, kwa sababu kifua kikuu huweza kujificha nyuma ya kilichoonekana kuwa nimonia, na dawa za kundi la levofloksasini huweza kukituliza kwa muda bila kukiponya. Aliyevuka miaka 50 au anayevuta sigara anapaswa kurudia eksirei baada ya wiki sita hivi hata kama anajisikia vizuri, ili kuhakikisha hakuna uvimbe uliokuwa umejificha.

Kwako wewe, wiki hii iwe na safari moja tu. Nenda na cheti chako cha kuruhusiwa hospitali, ueleze kisigino na levofloksasini, ueleze yale mapigo 170, na uombe kupimwa wingi wa damu pamoja na umeme wa moyo. Ukionekana kuwa na mwako wa msuli wa moyo, mazoezi makali husimamishwa kwa miezi 3 hadi 6, na hapo ratiba yangu yote iweke kando. Ulizia pia chanjo ya nyumokoka, bakteria ambaye mara nyingi husababisha nimonia, na ya mafua, kama hukuzipata, na wakati unaofaa kuzichoma. Kama kuna mtu anayevuta sigara ndani ya nyumba, aanze leo kuvutia nje.